Mjomba wa Kuazimwa

Siku niliyoondoka kwetu Singida kwenda kuwa mmisionari, baba yangu alikuwa buchani akinoa kisu. Nilisimama mlangoni na sanduku langu la bati, nikamwambia basi linaondoka saa mbili. Hakuinua macho. Alisema kisu kimekuwa butu siku hizi, na kwamba anayetaka maini aje mchana. Sikutaka maini. Nikalibeba sanduku mwenyewe mpaka stendi, nikipumzika mara nne njiani, maana nusu yake ilikuwa vijitabu vya kuwapa watu wasiookoka.

Baba alitaka nirithi bucha. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza chuo cha Biblia, na kanisa letu lilikuwa limeamua kwamba tumepokea wamisionari vya kutosha na sasa ni zamu yetu kupeleka. Nikawa wa kwanza. Nilitia sahihi kwamba sitakunywa pombe, sitavuta sigara wala sitaoa kabla ya miaka mitatu. Wakaniombea, wakanipa saa ya mkono. Habari za vita ya Burundi hakuna aliyezigusa. Mwenyekiti wa kamati alinitahadharisha tu kwamba Bujumbura kuna joto, na hilo lilikuwa kweli.

Nilipangiwa chumba mtaa wa Nyakabiga, kwa mjane mmoja muumini wa kanisa letu, mama mnene mwenye sauti ndogo. Nilikuwa mwinjilisti tu, lakini mtaa mzima uliniita pasteri, nikaona kuwasahihisha ni kazi. Haikupita miezi mingi majirani wa Burundi wakaiwekea nchi vikwazo, na nchi yangu ikiwa mstari wa mbele. Petroli ikaadimika, sukari ikapanda, meli za kutoka Kigoma zikakatika. Mama mwenye nyumba hakunilaumu hata siku moja. Alichofanya ni kuniuliza kila asubuhi, kwa upole mwingi, akinipa chai isiyo na sukari, kama watu wa kwetu wamesemaje leo.

Usiku risasi zililia milimani, asubuhi watu wakaenda kazini. Nilizoea upesi kuliko nilivyotaka. Kitu ambacho sikukizoea ni kutouliza. Kwetu ukikaa na mtu kwenye basi, kabla hamjafika kituo cha pili umeshajua ni wa kijiji gani, mtoto wa nani, na babu yake aligombana na nani. Hiyo ndiyo adabu. Wiki ya kwanza nilimuuliza shemasi mmoja kwao ni wapi hasa, akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Baadaye mama mwenye nyumba alinieleza kwamba swali hilo huulizwa na watu wenye silaha barabarani, na kwamba wako waliolijibu vibaya mara moja tu. Nikaacha kuuliza. Nilijiona nimeshaijua nchi.

Fundi seremala nilimjua kwa sababu ya mimbari. Mimbari yetu ilikuwa inayumba, na kila nilipofikia sehemu ya hukumu ilikuwa inaniyumbisha na mimi. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Asiatique, nyuma ya duka la vitambaa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mrefu, msemaji wa maneno machache, na miaka ile mafundi seremala hawakukosa kazi. Majeneza yalisimamishwa ukutani kwa vimo. Katikati yao kulikuwa na kitanda cha watu wawili, cha mninga, kimechongwa maua kichwani, kimefunikwa turubai. Nikamuuliza ni cha nani. Akasema ni chake, anamngoja mwenzake wa kukilalia.

Mwenzake alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwimba sauti ya kwanza kwaya ya kwetu, binti wa karani mstaafu wa bandari aliyekaa Mutanga Nord. Walikuwa wamependana mwaka wa pili huo. Kilichokosekana ni watu. Kule kijana hajipeleki kuomba mchumba. Huombewa na wazee wake, na fundi hakuwa na mzee, hakuwa na kaka, hakuwa na shangazi. Siku moja akiwa anapiga randa alinieleza ilivyokuwa. Alinitajia mkoa, akanitajia kilima, maana kule kijiji huitwa kilima, akanitajia waliokuwemo ndani ya nyumba. Hakuacha kupiga randa. Alipomaliza kusema alimaliza na ubao, akaupuliza vumbi, akaniuliza kama mimbari niitakayo ni ya duara au ya pembe. Alinieleza kwa sababu nilikuwa pasteri, na mimi nilimwahidi kwamba nimesikia na kwamba nimelifunga moyoni.

Aliyeamua kumpatia watu alikuwa jirani yake, fundi magari, mzee wa Kiislamu aliyezaliwa mjini hapo na baba yake vilevile. Petroli ilipokosekana magari yaliacha kuharibika, kwa hiyo mzee akawa na nafasi ya kutengeneza mambo ya watu. Alikuwa na kofia ya kufuma na kucha zisizotakata hata baada ya udhu. Alinijia kanisani siku ya kazi, akakaa benchi la nyuma, akangoja nimalize kufagia.

"Pasteri, huyu mutoto hana mutu," akasema. "Sisi njo tutakuwa watu yake. Mi nitakuwa papa yake. We utakuwa mjomba."

Nikamwambia mimi ni mdogo kwa fundi kwa miaka saba.

"Wajomba wadogo wako mingi. Mi niko na mjomba wangu, nilimubeba mugongoni."

Nikamwambia tena kwamba, kwa heshima zote, mimi si mjomba wake.

"Leo bado," akasema. "Siku ya posho saa nane utakuwa."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi. Alinifundisha kazi yangu, na haikuwa ngumu. Nisiseme kitu. Nikipewa chupa ya bia niishike kwa mikono miwili, niiweke miguuni, niishike tena. Yeye Mwislamu ameshika chupa kwenye sherehe za watu miaka arobaini na haijawahi kupungua. Nikiulizwa jambo, nicheke kidogo, niseme mzee atajibu. Nilijizoeza kucheka kidogo mbele ya kioo. Mama mwenye nyumba akanipigia pasi suruali na kuniambia napendeza kwa mjomba.

Mbaya ni kwamba Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimehubiri juu ya uongo. Nilihubiri saa moja na robo, mimbari mpya haikutikisika hata kidogo. Nilisema hakuna uongo mdogo. Nilisema mkristo akiulizwa ajibu lile lililopo. Watu waliitikia vizuri, na wiki nzima nilikuwa natembea na hubiri lile mfukoni kama mtu aliyevaa kiatu kipya.

Tulifika Mutanga Nord saa nane kamili, maana kila sherehe siku hizo ilitakiwa imalizike watu wafike kwao kungali mchana. Tulikuwa watano: fundi mwenyewe, mzee kwa kanzu nyeupe, mimi, na mafundi wawili wa karakana waliopewa ukaka. Viti vilipangwa uani safu mbili zikitazamana. Upande wao alikaa karani, mtu mwembamba wa tai, na mdogo wake aliyevaa kofia ya pama, na wajomba wa kweli wa binti, na majirani. Katikati makreti ya bia na soda. Binti hakuwapo; alikuwa ndani nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa linapumua.

Mzee alisimama, akaomba ruhusa, akasema tulikuwa tunajipitia tu, jua likatuzidi, tukaona nyumba ya watu wema tukaingia kuomba maji. Kila mtu alijua si kweli. Tulikuwa tumeandikiana barua mbili. Kisha akaendelea.

"Kwetu tuko na gari moja," akasema. "Injini ni nzima, haikuguswa na fundi mubaya. Body ni ya zamani kidogo. Lakini haina taa, batu wangu. Jua ikianguka, inasimama. Tumetembea muji yote kutafuta taa, wakatuambia: taa ile iko Mutanga, kwa papa wa bandari."

Uani wote ulicheka na kupiga makofi. Msemaji wa upande wao akajibu kwamba taa ipo, lakini taa za hapa haziwekwi kwenye gari lisilojulikana lilikotengenezwa. Mzee wetu akasema gari letu tumelitengeneza wenyewe, msumari kwa msumari, na akajipiga kifua. Mimi nilikuwa nimeshika chupa kwa mikono miwili. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa kama inavyompasa bwana harusi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anatabasamu.

Ndipo karani akanigeukia. Alikuwa mtu wa heshima, hakutaka mgeni aliyetoka mbali akae kimya kama mzigo. Kiswahili chake kilikuwa cha bandarini, cha kuongea na manahodha wa nchi tatu.

"Na wewe, mjomba," akasema kwa upole. "Mama wa huyu kijana ni dada yako?"

Nilicheka kidogo. Hapo palikuwa pa kusema mzee atajibu. Badala yake nilisikia hubiri langu lote la saa moja na robo linapanda kooni.

Nikaweka chupa chini. Nikasema kwamba kusema kweli, mimi si mjomba wake, wala mzee huyu si baba yake. Nikasema kijana huyu hana mtu. Kwa kuwa niliona watu wamenyamaza, nikadhani hawajaelewa, nikawafafanulia. Nikasema jamaa zake wote waliuawa, nikataja mkoa, nikataja na kilima, ili pasiwe na utata.

Mkoa ule na kilima kile ukivitaja umeshasema mtu ni wa upande gani, na waliomuua ni wa upande gani. Mle uani walikuwamo wa pande zote mbili, wamekaa bega kwa bega, wamevaa vizuri, wamefika hapo kwa jitihada kubwa ya kutosema. Mdogo wa karani akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena, akasimama akaenda zake bila kuaga. Mjomba mmoja wa kweli akamfuata. Pazia liliacha kupumua.

Karani akasema wageni wamechoka kwa safari. Safari yenyewe ilikuwa ya mwendo wa nusu saa. Wakaanza kuyatoa makreti, na chupa zetu wakazichukua zikiwa na vifuniko vyake. Tulirudi kwa miguu. Fundi alitangulia hatua hamsini mbele yetu, na alipofika njia ya Asiatique alikata kona bila kugeuka.

Jumatatu nilikwenda karakana ya mzee. Alikuwa amelala chini ya lori lisilokuwa na magurudumu. Nikamwambia nimekuja kujua nimekosa nini, maana nilichosema kilikuwa kweli tupu. Hakutoka, alinijibu kutoka chini ya lori, na mimi nikawa nazungumza na viatu vyake.

"Kweli ya nani?" akasema. "Ile ilikuwa yako? Mutu anakupa kitu yake umuchungie, we unaenda kuigawa mu sherehe."

Nikachuchumaa kando ya viatu vile.

"Sikia, pasteri. Juu ya nini alikuuliza we? Tulikuwa watu watano. Mi nilikuwa nasema muzuri. Alikuuliza we sababu we ni mutu wa inje. Jibu yako haiwezi kuua mutu. Alikufungulia mulango yule papa, upite na mutoto wetu. Wote kule walijua hana watu. Nani hakujua? We ukaleta maiti yote mu nyumba ya watu, ukaziweka katikati ya makreti." Spana ikaanguka. "Walikuuliza kama ni wako, ukasema apana. Ulimukana."

Nilikuwa nimehubiri mara nyingi juu ya kukana. Nilikuwa na hubiri zuri kabisa la mada hiyo, lenye vichwa vitatu. Nilirudi nyumbani nikaingia chumbani nikakaa juu ya sanduku la bati, nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe. Nilimwonea fundi huruma, lakini kwanza nilijionea aibu, na hilo pia likanitia aibu.

Fundi hakunitukana. Angenitukana ningefurahi. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia si kitu, akaniuliza mimbari inaendeleaje. Turubai lilikuwa limetolewa juu ya kitanda, nacho kilikuwa kimesogezwa karibu na mlango. Akasema kuna mteja wa mtaa wa Rohero atakuja kukiona Jumamosi jioni. Alisema vile kwa sauti aliyotumia kupima mbao. Nikaelewa kwamba kitanda kile kikitoka, hatatengeneza kingine.

Mzee alinieleza namna ya kutengeneza nilichovunja. Aliyeharibu neno hulirudia mwenyewe, kwa miguu yake, na kinywaji. Soda haifai. Kiwe kinywaji cha kweli, akionje yeye mwenyewe kwanza mbele ya aliowakosea, wajue hana kingine moyoni. Nikamwambia nimetia sahihi. Akasema hiyo ni kati yangu na karatasi.

Nikaenda kwa mchungaji kiongozi, Mrundi wa makamo aliyekuwa amezika watu wengi kuliko aliobatiza. Nikamweleza yote. Alinisikiliza amefumba macho, kisha akasema siku hiyo kwa bahati mbaya ana kikao. Nikamuuliza siku gani. Akasema siku yoyote nitakayokwenda.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenitafutia urwarwa, ile pombe ya ndizi, dumu la lita ishirini, kwa shoga yake asiyeokoka. Jumamosi mchana nikalipakia kwenye baiskeli ya kukodi, nikatembea kando yake nimelishika, nimevaa suti ya mahubiri. Nyakabiga nzima ilinipungia mkono. Kwaya ilikuwa inatoka mazoezini. Walisimama kando ya barabara kwa heshima, kama jeneza linapita, na hakuna aliyeimba. Kwenye kizuizi askari aliniuliza kuna nini ndani ya dumu. Nikamwambia ni pombe. Akasema pasteri acha mchezo. Nikasisitiza. Ikabidi wahakikishe, yeye na wenzake wanne, na nilipoondoka dumu lilikuwa jepesi kidogo. Mdomo wangu haukuwa umejifunza bado.

Mzee alikuwa ananingoja getini, na fundi yuko naye. Sikujua kama angekuja. Uani mle viti vilikuwa vimepangwa vilevile, safu mbili, ila upande wao walikuwa wachache. Mwenye kofia ya pama alikuwapo. Kofia ilikuwa magotini.

Nilisimama katikati. Nikamimina kwenye kibuyu, nikaonja. Nitasema ukweli hapa kwa kuwa hauna madhara: ilikuwa tamu. Nikampelekea karani, naye akanywa, akampa mdogo wake. Yule akakaa nacho muda mrefu sana. Fundi alikuwa anaitazama miguu yake. Nikaomba, na sijawahi kuomba kwa maneno machache kiasi kile. Mwenye kofia akanywa, akafuta mdomo, akampa jirani.

Hapo karani akajinyoosha kwenye kiti, akarekebisha tai, akanigeukia kana kwamba ndiyo kwanza tumeingia.

"Karibu, mjomba," akasema. "Mama wa huyu kijana ni dada yako?"

"Ni dada yangu," nikasema. "Mkubwa wangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni."

Watu wakapumua. Ningenyamaza pale ingetosha. Lakini karani, ama kwa adabu ama kwa kunipima, akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikawaambia. Nikasema alikuwa mfupi, mchapakazi, mwenye meno yaliyoachana, na akicheka anafunika mdomo. Nikasema hakuna mtu aliyekula kwake akaondoka na njaa. Nikasema angekuwapo leo angekaa pale, kwenye kiti kile, na angelia kabla ya wote. Sikujua maneno yale yalikuwa yananitoka wapi. Mzee alisema amina kwa namna yao. Fundi aliinua kichwa akanitazama, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi mbele ya wakwe, jambo ambalo bwana harusi hafanyi, na hakuna aliyemkataza. Pazia likaanza kupumua tena.

Walimpa. Walitaja ng'ombe, kama desturi, ng'ombe ambao mji mzima usingekuwa na mahali pa kuwafunga. Tukakimbia kurudi mjini, na karakanani tukamkuta mteja wa Rohero kakalia kitanda, anakitikisa kupima uimara. Mzee alimwambia kimeshalaliwa. Siku ile njiani fundi aliniita mjomba kwa mara ya kwanza, na baadaye kidogo, akiwa kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akaniambia mama yake alikuwa mrefu, mrefu kuliko yeye. Nikamwambia samahani. Akasema hapana, nimwache vile, na yule wangu naye amempenda. Nami nikamsimulia habari ya baba, kisu na sanduku la bati.

Wakaoana. Barua ya kuniuliza juu ya sahihi yangu ilifika kutoka kamati, maana habari ya dumu haikuwekewa vikwazo. Niliijibu kwa heshima, nikakiri onjo moja.

Miezi minane baadaye ilikuja barua nyingine, imezungukia Nairobi, bahasha imechakaa. Iliandikwa na mama kwa mkono wa mdogo wangu. Baba alikuwa ameanguka buchani. Nilipomaliza kuisoma alikuwa ameshazikwa wiki sita. Meli hazikuwapo, barabara hazikupitika, na hata ningefika ningekuta udongo umekauka. Nikaikunja nikampa mama mwenye nyumba aisome.

Aliondoa meza sebuleni, akatandika mikeka mpaka uani. Kufikia mchana watu walikuwa wamejaa: kwaya, mashemasi, mchungaji kiongozi ambaye safari hii hakuwa na kikao, mzee fundi magari na kofia yake, karani na tai yake, hata mwenye pama. Kule kilio hakiendi bila wasifu. Lazima mmoja wa ukoo asimame awaeleze watu wanamlilia nani, maana huwezi kumlilia mtu usiyemjua. Mimi nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwa watu wengine zaidi ya mara ishirini, na wote nilikuwa nimewasema vizuri. Siku hiyo nilikaa mkekani nikitazama kucha zangu. Ningesema nini? Kwamba alikuwa ananoa kisu? Kwamba tuliachana kwa habari ya maini?

Karani akauliza, kwa sauti ya kilioni, kama yuko wa ukoo atakayetueleza habari za marehemu. Nikasikia mtu anasimama nyuma yangu.

"Niko," fundi akasema. "Marehemu alikuwa babu yangu. Muzaa mama."

Akaja akakaa mkekani ubavuni pangu, mahali pa ndugu, akavua viatu. Mtu wa maneno machache yule alisema karibu robo saa. Alisema babu yake alikuwa mupole, hakuinua sauti. Alisema alipenda miti. Alisema masikini wakija kwenye bucha aliwaongezea mufupa juu ya mizani, akajifanya hakuona. Baba yangu alikuwa na sauti ya kusikika mitaa mitatu, na mizani yake ilikuwa inajulikana Singida nzima. Watu wakalia. Mama mwenye nyumba alilia mpaka akashikiliwa.

"Na ile siku mjomba wangu anaondoka kuja kwetu," fundi akasema, "babu alifunga bucha. Asubuhi. Akachukua sanduku ya mjomba, akaiweka kichwani yake mwenyewe, muzee vile, akamusindikiza mupaka stendi. Akasema, mwanangu, wende salama. Akasimama pale mupaka basi ikapotea."

Karani akanigeukia, kwa upole uleule, kama desturi inavyotaka ndugu mwingine ashuhudie.

"Ndivyo, mjomba?"

Fundi alikuwa ananitazama. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu.

"Ndivyo," nikasema. "Alilibeba mpaka stendi. Na lilikuwa zito."